Uliza Virginia: Timu ya Chuo Bila Namba 3 wa Kazi Zote Itachoma Tu

Wasee wa basketi, leo tubonge ukweli. Mtu akikuambia utaje mastaa wa timu yako, utaanza na gadi mwenye mikono laini, yule anayepeleka watu sokoni kwa dribo. Halafu utaruka hadi kwa senta, mrefu wa kudanki na kublock. Yule jamaa wa katikati, namba 3, ambaye wengine humuita small forward, utamkumbuka ukiwa umeishiwa na majina. Si mwepesi kama gadi, si jengo kama senta. Ukiangalia haraka, ni kama hana kazi yake mwenyewe.

Sasa hapo ndipo wengi hupotea. Kwa basketi ya vyuo, huyo msee asiye na kazi moja ndiye hutofautisha timu nzuri na timu inayobeba kombe. Na hii si stori ya kijiweni. Kule Marekani, ambako mechi za vyuo hujaza viwanja na kusimamisha nchi kila Machi, kuna timu iliingia mashindano bila namba 3 wake ikaaibika mbele ya dunia. Mwaka uliofuata ikaingia naye, ikabeba. Kocha yule yule, mfumo ule ule. Inaitwa Virginia.

USIKU WA AIBU

Kama hufuatanga, cheki vile mambo huenda. Vyuo 68 huingia kwenye mashindano ya NCAA, yale yanaitwa March Madness. Ni mtoano. Ukipoteza moja, unapanda ndege kurudi nyumbani. Timu hugawanywa kwa kanda nne, na kila kanda hupangwa kutoka namba 1, wale wababe, hadi namba 16, wale ambao kila mtu hudhani wamekuja kupiga picha. Kufikia 2018, kwa upande wa wanaume, namba 16 alikuwa amekutana na namba 1 mara 135 tangu mashindano yapanuliwe 1985. Alikuwa ameshinda ngapi? Yai. Hata moja.

Virginia ya 2018 haikuwa namba 1 wa kubahatisha. Ilikuwa imepoteza mechi mbili tu msimu mzima. Ilikuwa imeshinda ligi ya ACC na kombe la ACC. Hakuna timu nchini iliyokuwa inaruhusu pointi chache kuishinda. Wakapangiwa UMBC, chuo cha Maryland pale Baltimore County, ambacho hata Wamarekani wengi ilibidi wakigoogle.

Siku chache kabla ya mechi, habari ikatoka: De'Andre Hunter amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto, msimu wake umeisha. Wengi hawakushtuka. Hunter hakuwa hata anaanza mechi. Alikuwa anatoka benchi, pointi 9 hivi kwa mechi. Kwa timu iliyopoteza mechi mbili tu, pointi 9 ni nini? Utazitafuta kwingine, maisha yaendelee.

Machi 16, 2018, Charlotte. Kufikia mapumziko ni 21-21. Watu wakaanza kuamshana kwa simu. Half ya pili UMBC wakawasha moto: pointi 53 kwa dakika 20, karibu zile Virginia ilizoea kuruhusu mechi nzima. Gadi wao Jairus Lyles akafunga 28. Walirusha mipira 24 ya pointi tatu, 12 ikaingia. Filimbi ya mwisho: 74-54. Si kwamba Virginia ilipigwa kwa bahati ya sekunde ya mwisho. Ilichapwa kwa pointi 20. Mara ya 136, namba 16 akashinda.

NI NINI ILIKOSEKANA?

Tuwe fair. Hunter peke yake hangezuia kila kitu usiku huo. Virginia ilirusha mipira 22 ya pointi tatu na ikaingiza 4 pekee. Ukishuti hivyo, hata ukiwa na malaika kwa timu utateseka.

Lakini angalia vile UMBC ilivyocheza. Walitandaza washutaji nje, wakawaachia magadi wao wepesi njia ya kwenda ringini. Ukileta mtu mrefu awakimbize, anapitwa. Ukileta mfupi, unapoteza nguvu chini ya kikapu. Hapo ndipo unahitaji mtu mmoja wa futi 6 inchi 7, mwenye kifua cha kusimama na warefu na miguu ya kukimbizana na wafupi. Virginia ilikuwa naye. Alikuwa amekaa kwa benchi na mkono wenye plasta.

Kuna jambo la mfumo pia. Kocha Tony Bennett alikuwa anatumia difensi inayoitwa pack line, ambayo baba yake Dick Bennett ndiye aliyeianzisha. Ni hivi: mtu mmoja anambana mwenye mpira, wengine wanne wanarudi ndani ya mstari wa kufikirika, kama mita 5 kutoka kwa kikapu. Wanafunga njia. Ukitaka kuingia, unakutana na ukuta. Noma yake ni kwamba mpira ukirushwa nje, kila mmoja lazima atoke mbio amfikie mshutaji wake kabla hajaachilia, bila kuruka kama kichaa akapitwa. Mfumo kama huo unategemea mtu anayeweza kuwa ndani sekunde hii na nje sekunde ijayo. Toa huyo mmoja, ukuta unabaki na shimo, na timu yenye mashuti italiona.

Kwa hivyo zile pointi 9 ndizo zilidanganya watu. Walihesabu alichofunga, hawakuhesabu alichoziba.

2019: MSEE AMERUDI

Msimu uliofuata Hunter akapona na akawa mtu wa kuanza. Kikosi hakikuwa kile kile kabisa. Devon Hall na Isaiah Wilkins walikuwa wamemaliza chuo, Kihei Clark na Braxton Key wakaingia. Lakini mhimili ulikuwa ule ule: Kyle Guy, Ty Jerome, Mamadi Diakite, Jack Salt. Na kocha hakubadilisha dini yake.

Sasa cheki kile Hunter alichowezesha. Clark ni gadi wa futi 5 inchi 9. Weka huyo, Guy na Jerome pamoja, una magadi watatu kwa wakati mmoja. Timu nyingi zikifanya hivyo zinaliwa kwa ribaundi na kusukumwa ndani kama mlango wa mabati. Virginia haikuliwa, kwa sababu Hunter alikuwa anasimama na namba 4 wa wapinzani bila shida, halafu upande ule mwingine namba 4 huyo anajipata anamkimbiza mtu mwepesi kumliko. Kwenye karatasi unaweza kubishana kama alikuwa namba 3 au namba 4. Ukibishana hivyo, umeshaelewa somo.

Raundi ya kwanza ya mashindano, wakakutana na namba 16 tena, Gardner-Webb. Na tena wakaanza vibaya, wakiwa nyuma kwa pointi 14 half ya kwanza. Fikiria presha hiyo, mzimu wa mwaka jana umekaa kwa kiti cha mbele. Safari hii walikuwa na wa kumtegemea. Hunter akafunga 23, Virginia ikashinda 71-56.

Halafu fainali, Aprili 8, 2019, Minneapolis, dhidi ya Texas Tech. Hao nao walikuwa na winga wao wa kazi nyingi, Jarrett Culver, nyota wa timu. Yaani fainali yenyewe ikawa mtihani wa nani ana mtu wa katikati mzuri kuliko mwenzake.

Half ya kwanza Hunter alikuwa baridi, pointi 5 tu. Hakukasirika akaanza kulazimisha. Aliendelea kumkaba Culver. Baadaye mambo yakafunguka. Sekunde 12.9 zikiwa zimebaki, Virginia iko nyuma 68-65, Jerome anaingia ndani, anavuta walinzi, anatoa mpira kona ya kulia. Hunter. Pointi tatu. 68-68. Kwa muda wa ziada akaweka nyingine ya tatu, 75-73, na Virginia haikuangalia nyuma tena. Mwisho 85-77.

Hesabu zake: pointi 27, nyingi kuliko mechi nyingine yoyote ya maisha yake ya chuo, na ribaundi 9. Kati ya mashuti 5 ya pointi tatu, aliingiza 4. Na Culver? Alirusha mara 22, ikaingia 5. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kufunga na wakati huo huo akamzima staa wa wenzake. Hiyo ndiyo maana ya kazi zote.

Tusidanganyane kwamba alibeba kombe peke yake. Dhidi ya Purdue, ni Diakite aliyewaokoa na shuti la mwisho wa saa. Dhidi ya Auburn, ni Guy aliyesimama kwa mstari akaingiza zote tatu, sekunde 0.6 zikiwa zimebaki, wakashinda 63-62. Timu ilikuwa na moyo. Ila moyo wa 2018 pia ulikuwepo, na uliishia kupigwa na namba 16.

KWA NINI VYUO HASA?

Utauliza, si hata NBA wanahitaji watu kama hao? Ndiyo. Lakini kwa chuo uhitaji ni mara mbili, na kuna sababu.

Kwanza, muda wa kujiandaa. Timu za NBA zikikutana kwa playoff zinapigana hadi mechi saba. Ukidanganywa mechi ya kwanza, unarekebisha ya pili. March Madness unacheza Alhamisi, ukishinda unacheza Jumamosi na timu ambayo pengine hujawahi kuiona. Una siku moja katikati. Kocha hawezi kufundisha mfumo mpya kwa siku moja. Anachoweza ni kumtuma mtu ambaye tayari anajua kukaba namba 1 hadi namba 4, aseme, "Huyo leo ni wako."

Pili, faulo. Kwa chuo ukifika faulo 5 unatoka, NBA ni 6. Vijana wa miaka 19 chini ya kikapu huzikusanya haraka kama point za bonga. Warefu wako wakishikwa na faulo mbili mapema, lazima mtu ashuke ndani kushikilia. Ukiwa na namba 3 mwenye kifua, unateremka ngazi moja bila nyumba kuanguka. Ukiwa na namba 3 wa kurusha tu, umekwisha.

Tatu, vijana wa chuo hawana umbo moja. Usiku mmoja unacheza na timu ya warefu wawili wanaosukumana ndani, usiku mwingine unacheza na watano wote wanashuti. NBA wachezaji wengi wameshachujwa wakafanana. Chuoni ni soko la Gikomba, unapata kila saizi. Ndiyo maana unahitaji nguo inayokaa kila mahali.

Kama wewe ni mtu wa mat, unaelewa hii bila mimi kuchora. Dere ni dere, konda ni konda. Lakini gari hulala stage siku ile dere ameugua na hakuna skwodi wa kushika usukani. Skwodi mzuri ni yule anaweza kushika usukani asubuhi na mlango jioni. Hakuna anayeandika jina lake kwa graffiti, lakini mwenye gari anamjua.

SI UCHAWI PIA

Usitoke hapa ukidhani ukipata mmoja umemaliza kazi. Duke ya 2025 ilikuwa na Cooper Flagg, fowadi wa futi 6 inchi 9 aliyeanza msimu akiwa na miaka 17. Alifunga wastani wa pointi 19.2, akachukua ribaundi 7.5 na kutoa asisti 4.2. Kukaba, kublock, kuleta mpira, yote ni yeye. Baadaye Dallas wakamchukua wa kwanza kabisa kwa drafti ya NBA.

Lakini nusu fainali dhidi ya Houston, Duke ilikuwa inaongoza kwa pointi 6 dakika ya mwisho, ikapoteza 70-67. Mpira wa maana ulienda kwa Flagg, haukuingia. Tofauti na Virginia iko wapi? Hunter alikuwa mtu wa kuziba mashimo ya wengine, na siku yake ilipofika akafunga. Flagg alikuwa injini, taa na breki kwa pamoja. Mtu wa kazi nyingi ni wa kurahisishia wenzake, si wa kufanya kazi zao zote. Ukimgeuza kuwa timu nzima, umerudi pale pale pa kumtegemea msee mmoja.

GANJI IMEBADILISHA MCHEZO

Kuna kitu kingine hapa kinachofaa kukusumbua. Hunter hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza Virginia, msimu wa 2016-17, hakucheza hata dakika. Alikaa nje mwaka mzima akijenga mwili na kujifunza difensi. Mwaka wa pili akatoka benchi. Mwaka wa tatu akabeba kombe na akachaguliwa wa nne kwa drafti ya 2019. Watu wa kazi nyingi hupikwa polepole, kama maharagwe.

Leo huo moto mdogo umezimwa karibu wote. Tangu Julai 2021 wachezaji wa chuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Kuanzia 2024 wanaweza kuhama chuo kila mwaka bila adhabu. Na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza wa mpango huo chuo kimoja kiliruhusiwa kutoa hadi dola milioni 20.5 hivi kwa michezo yake yote. Mimi nasema walipwe, walikuwa wanatajirisha watu kwa miaka mingi bila hata nauli. Lakini jiulize: kijana wa 2026 anayekaa benchi akijifunza kukaba namba nne tofauti, atasubiri miaka miwili? Ama ataenda chuo kingine kinachompa doo na dakika 30 za kurusha?

Bennett mwenyewe alistaafu Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu kuanza, akisema wazi kwamba mazingira haya mapya hayamfai. Kwa hivyo makocha wa sasa wengi hununua namba 3 aliyeiva, na aliyeiva ni ghali. Chuo kisicho na mfuko mzito kina njia moja: kumpika wake na kuomba asihepe.

NA WEWE WA KAMPO YA HAPA?

Hii si stori ya Marekani pekee. Unamkumbuka Tylor Ongwae? Huyo ni winga wetu, na basketi ya chuo alicheza huko huko Marekani, Louisiana-Monroe. Februari 2021, Yaoundé, Morans wanacheza na Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11. Saa inaisha, mpira uko mikononi mwa Ongwae, anaachilia, unaingia. 74-73. Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mtu wa katikati tena.

Sasa njoo hapa kwetu. Unajua vile hufanyika. Kijana akifika form one akiwa amewapita wenzake kwa kichwa, anaambiwa aende asimame chini ya ringi. Anasimama hapo miaka minne. Hafundishwi kudribo, hafundishwi kushuti, akishika mpira nje ya eneo lake kocha anapiga kelele. Akifika chuo anakutana na wa kweli wa futi 6 inchi 10, na ghafla yeye si mrefu tena. Kazi moja aliyoijua imechukuliwa. Talanta imeisha hivyo, na hakuna aliyeiba.

Timu zetu za vyuo, kina Strathmore, USIU na KCA, zinacheza ligi na watu wazima wenye kazi na uzoefu wa miaka. Haziwezi kuwashinda kwa misuli. Zinaweza kuwashinda kwa kubadilika haraka, na kubadilika kunahitaji mtu wa kubadilikia. Kama wewe ni kocha, mpe huyo mrefu wako mpira nusu ya mazoezi. Kama wewe ndiye mrefu, usingoje uambiwe. Jifunze kukaba msee mwepesi kuliko wewe, jifunze mkono wa kushoto, jifunze shuti la kona. Na kama ni mfupi mwenye kifua, jifunze kusimama na mkubwa bila kumfanyia faulo.

Mechi ijayo, iwe ni ya March Madness kwa simu usiku wa manane ama ya ligi pale Nyayo, fanya hivi: dakika tano za kwanza usiangalie mpira, mwangalie namba 3. Hesabu amekaba watu wangapi tofauti. Angalia anakimbilia wapi mpira ukienda upande mwingine. Kama amezubaa kona akingoja kurushiwa, timu hiyo inaweza kushinda leo, lakini usiiwekee pesa ya rent.